Urani ya Nchi ya Ngorongoro: Kutoka Kioo cha Olduvai hadi Mbolea ya Minjingu

Mwaka 1956 ndege ya utafiti wa madini ya kampuni ya New Consolidated Gold Fields ilipita juu ya nchi iliyo mashariki ya Ziwa Manyara, imebeba kipima mionzi. Anayeshuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu huiona nchi hiyo yote akifika kwenye kona za mlima zinazotazama ziwa: kwanza maji, kisha weupe wa magadi, kisha tambarare inayokwenda hadi Tarangire. Huko ng'ambo, kando ya barabara ya Makuyuni kwenda Babati, kuna kilima cha Minjingu. Ndege ilipofika juu yake, kipimo kilipanda.

Waliotuma ndege ile walikuwa wakitafuta urani. Walichokipata ni fosfeti, mawe ya mbolea, na urani imo ndani yake. Zamani sana ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na kilima kile kilikuwa kisiwa. Ndege aina ya mnandi walikaa hapo kwa vizazi visivyohesabika, wakivua, wakizaa, wakifa. Mavi yao, mifupa yao na mifupa ya samaki waliowala vikalundikana tabaka juu ya tabaka, na mpaka leo mchimbaji hukutana na vipande vya mifupa ya mnandi ndani ya jiwe. Maji yaliyoteremka kutoka milima ya volkano yalibeba urani kidogo kidogo. Maji ya magadi huishikilia urani ikabaki imeyeyuka, na mfupa uliolala ndani ya maji hayo kwa maelfu ya miaka huinyonya na kuitunza. Ndivyo jiwe la Minjingu lilivyopata urani yake, kama gramu 400 kwa kila tani.

Kwa nini kampuni ya dhahabu irushe ndege kutafuta urani juu ya nchi ya wafugaji? Jibu linaanzia Morogoro.

Wakati wa Wajerumani, katika machimbo ya ulanga ya milima ya Uluguru, lilipatikana jiwe jeusi zito lenye urani nyingi, likiwa limevikwa ganda la njano. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alilieleza ganda hilo kuwa madini mapya, akayaita rutherfordine kwa heshima ya Ernest Rutherford, bingwa wa mionzi wa zama zile. Miaka minane baadaye mawe ya Morogoro yalifika Vienna, mikononi mwa Otto Hönigschmid na mwenzake Stefanie Horovitz. Kazi ya Horovitz ilikuwa ya subira ya ajabu: kuitoa risasi iliyomo ndani ya jiwe la urani, kuisafisha tena na tena, kisha kuupima uzito wa atomu zake. Risasi ya kawaida ni 207.2. Ile ya Morogoro ilitoka 206.05 hivi. Tofauti hiyo ndogo ilithibitisha jambo ambalo wanasayansi wengi walikuwa bado wanalitilia shaka, kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti. Ilithibitisha pia kwamba urani, ikikaa muda mrefu vya kutosha, huishia kuwa risasi ya aina yake. Horovitz aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942, na vitabu vingi vilivyofuata vikamtaja Hönigschmid peke yake. Kila historia ya urani ya Tanzania inapaswa kuliandika jina la Horovitz.

Hadi hapo urani ilikuwa kitu cha maabara. Desemba 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua huko Berlin kwamba kiini cha urani kikipigwa na nyutroni hupasuka vipande viwili. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza ni nishati kiasi gani inayotoka. Mwaka 1940 Wasovieti wawili, Georgy Flerov na Konstantin Petrzhak, wakaonyesha kuwa urani hupasuka hata bila kuguswa, ila mara chache mno. Mwaka huohuo Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe kutoka Shinkolobwe, Katanga, machimbo yaliyogunduliwa mwaka 1915 katika nchi ambayo leo Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri usio na mfano, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Baada ya hapo kila serikali kubwa ilitaka Shinkolobwe yake. Ndiyo maana ndege ikapita juu ya Minjingu.

Miaka mitatu baada ya ndege ile, upande wa pili wa milima ya Ngorongoro, urani iliingia katika historia kwa njia ambayo hakuna mtafuta madini aliyeiwazia.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu umechomoza kwenye mteremko wa bonde la Olduvai. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, na mwaka huohuo eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilitengwa rasmi na Serengeti. Swali la kwanza lililoulizwa na dunia lilikuwa umri. Mwaka 1961 Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa California walitoa jibu kwa kupima potasiamu na agoni katika majivu ya volkano ya tabaka la chini, wakasema miaka milioni 1.75. Wengi hawakuamini. Makadirio ya awali yalikuwa pungufu sana ya hapo, na njia yenyewe ilikuwa ngeni. Ilihitajika njia nyingine, isiyotegemea potasiamu, iseme kama ya kwanza ilikosea.

Njia hiyo ilitoka kwenye urani. Volkano za milima ile ya Ngorongoro zilipolipuka zilirusha majivu na mawe mepesi yenye kioo ndani yake, na kioo hicho kina urani kidogo sana. Kwa miaka yote iliyofuata, mara moja moja, kiini kimoja cha urani kilipasuka chenyewe, kama Flerov na Petrzhak walivyoona. Vipande viwili vinavyoruka hukichana kioo na kuacha kovu jembamba lisiloonekana kwa jicho. Robert Fleischer, Buford Price na Robert Walker, wanafizikia wa maabara ya kampuni ya General Electric jimboni New York, walikuwa wamegundua kwamba kioo kikitiwa kwenye asidi kovu hupanuka, na mtu aweza kuyahesabu makovu kwa darubini. Halafu kioo huingizwa ndani ya kinu cha nyuklia, nyutroni zikaipasua urani nyingine, na makovu mapya yakaonyesha urani iliyomo ni kiasi gani. Ukijua urani ni kiasi gani na makovu ya kale ni mangapi, umri unaupata kwa hesabu. Kwa njia hiyo kioo cha Olduvai kilikuwa saa iliyoanza kwenda siku volkano ilipolipuka.

Mwaka 1965, wakiwa na Louis Leakey, walichapisha jibu lao: miaka milioni 2.03, kosa likiweza kufika milioni 0.28 juu au chini. Toa 0.28 kwenye 2.03 unapata 1.75 kamili. Njia mbili zisizohusiana zilikutana. Kila kitabu cha shule kinachoitaja Olduvai kama chimbuko la binadamu kimesimama juu ya vipimo hivyo viwili, na kimojawapo ni cha urani ya Ngorongoro.

Mpasuko ulioacha kovu kwenye kioo cha Olduvai ndio huohuo unaochemsha maji katika kituo cha umeme. Tofauti ni wingi. Ndani ya kioo mpasuko mmoja unaweza kungoja mwingine kwa miaka mingi, na ndani ya kinu kila mpasuko hutoa nyutroni zinazosababisha mwingine, mabilioni kwa mabilioni kila sekunde.

Sasa nishati yenyewe. Watu hupenda kusema kilo moja ya urani ina nishati ya tani 3,000 za makaa ya mawe. Hesabu hiyo ni ya urani-235 tupu, aina ya urani inayopasuka kirahisi, ikipasuka yote bila kubakiza. Urani inayotoka ardhini ina gramu saba tu za aina hiyo katika kila kilo. Kilo moja ya urani ya asili, ikipitia njia ya kawaida ya kurutubishwa na kutumiwa katika vinu vya maji vilivyoenea duniani, hutoa joto la gigajouli 500 hivi. Kilo ya makaa mazuri ya mawe hutoa megajouli 25. Kwa hiyo kilo ya urani inasimama badala ya kilo 20,000 za makaa, yaani tani 20, na makaa hayo yakiungua huacha angani zaidi ya tani 40 za hewa ya ukaa. Tofauti ya mara 20,000 inatosha kushangaza, na ndiyo inayopaswa kutumika tunapozungumzia machimbo.

Irudishe hesabu hiyo Minjingu. Mfuko wa kilo 50 wa fosfeti ghafi una gramu 20 hivi za urani. Kama ingetolewa yote na kutumiwa kinuni, gramu hizo zingetoa joto sawa na kilo 400 za makaa ya mawe. Mfuko unaobebwa begani una nishati ya mzigo wa makaa ulio mara nane ya uzito wake! Na hili si jambo la kufikirika tu, maana viwanda vya Florida vilitoa urani kwenye asidi ya fosfeti kwa miaka mingi hadi bei ilipoporomoka na vikafungwa katika miaka ya 1990. Hapa kwetu urani hiyo huenda shambani pamoja na mbolea.

Mkulima asiogope bure. Udongo wa ekari moja, ukichimbwa sentimita 20 kwenda chini, una uzito wa tani 1,000 hivi, na udongo wa kawaida popote duniani una gramu mbili au tatu za urani kwa tani. Ekari hiyo ilikuwa na kilo mbili au zaidi kabla mfuko haujafunguliwa. Gramu 20 hazizidi sehemu moja kwa mia ya kilichokuwapo. Hatari ya fosfeti ya Minjingu iko kwa anayevuta vumbi lake kila siku na kulala karibu na mabaki yake.

Machimbo yalianza kazi mwaka 1983, chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kwa msaada wa Wafini. Wazo lilikuwa zuri na la kizalendo: jiwe la Minjingu liende kiwanda cha mbolea cha Tanga, nchi iache kuagiza. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991, na Minjingu ikapoteza mnunuzi wake mkubwa. Mwaka 2001 ikaingia mikononi mwa wawekezaji binafsi, ambao waliifufua kwa kuuza mbolea moja kwa moja kwa wakulima. Kwa udongo wenye asidi jiwe hili ni zuri kweli, na majaribio ya magharibi ya Kenya yalilithibitisha hilo.

Kati ya kuanza kuchimba na mtu kuja kupima na kuchapisha picha kamili ya mionzi, miaka mingi ilipita. Mwaka 2000 watafiti wa Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyokuwa na ofisi zake Arusha na ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 ilikuja kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, walichapisha matokeo ya vipimo vya miaka mitano. Jiwe la fosfeti lilikuwa na redio, ile redio ya kikemia inayozaliwa na urani, ya zaidi ya becquereli 5,000 kwa kilo. Mionzi hewani machimboni ilizidi wastani wa dunia kwa zaidi ya mara ishirini. Walipima pia majani ya mimea ya hapo na chakula cha kuku kilichochanganywa na fosfeti, wakakuta redio imeshaingia. Watu walikuwa wakifanya kazi, wakilisha mifugo na kujenga kando ya jiwe ambalo ndege iligundua mionzi yake mwaka 1956. Hakuna aliyeweza kusema haikujulikana. Mionzi ndiyo iliyowaleta wachimbaji pale.

Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika historia hii, kwa sababu sasa tunaelekea kuchimba urani kwa jina lake, kusini, katika mkoa wa Ruvuma.

Ruvuma ni mahali ambapo ulinganisho wa urani na makaa unaonekana kwa macho. Magharibi ya Songea, wilayani Mbinga, kuna makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu 2011. Kwa miaka mingi yalikwenda kwenye matanuri ya viwanda vya saruji, na tangu vita vya Ukraine vianze mwaka 2022, malori yamekuwa yakiyapeleka kwa wingi bandari ya Mtwara yasafiri nje. Mashariki ya Songea, wilayani Namtumbo, kuna urani ya Mto Mkuju. Kampuni ya Mantra ya Australia iliitafiti, na mwaka 2011 ikanunuliwa na tawi la Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Eneo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia. Julai 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ikakaa Saint Petersburg, mji wa Urusi, ikakubali mpaka wa Selous usogezwe ili machimbo yabaki nje. Eneo lililokatwa halikufika asilimia 1 ya pori. Leseni ikatolewa 2013. Lakini baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011 bei ya urani ilikuwa ikishuka, na mwaka 2017 kazi ikasimama. Bei ilipopanda tena, ikapita dola 100 kwa ratili mwanzoni mwa 2024, mradi ukaamka. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani huko Namtumbo.

Akiba ya Mkuju inatajwa kuwa zaidi ya tani 50,000 za urani. Kwa hesabu yetu hizo ni sawa na tani bilioni moja za makaa. Mchuchuma, wilayani Ludewa, ile hazina ya makaa ambayo nchi imeizungumzia kwa miongo, inakadiriwa kuwa na tani milioni 428. Kwa nishati, Mkuju ni zaidi ya Mchuchuma mbili.

Lakini ipige hesabu ya mfukoni. Tuseme ratili ya oksaidi ya urani inauzwa dola 80. Kilo ya urani yenyewe inakuwa dola 200 na kidogo. Tani 20 za makaa, zenye nishati ileile, hata zikiuzwa dola 50 tu kila tani, ni dola 1,000. Mwenye makaa anapata mara tano kwa joto lilelile. Thamani ya urani hukua baadaye: inapogeuzwa gesi, inaporutubishwa, inapokandwa kuwa vidonge vya mafuta, inapoingia ndani ya kinu kilichogharimu mabilioni. Tanzania haifanyi hata moja ya kazi hizo. Itauza tu oksaidi hiyo, unga wa njano, na ile tofauti ya mara 20,000 itavunwa na aliye na kinu.

Makaa yana ubaya wake mkubwa, na simtetei anayetaka kuyachoma. Hewa ya ukaa ya Ngaka inaingia angani popote meli itakapotia nanga. Ila mabaki ya urani hayasafiri. Mawe ya Mkuju yana gramu mia chache tu za urani kwa tani, kama ya Minjingu, kwa hiyo ili kupata kilo moja ni lazima tani kadhaa zisagwe au ziyeyushwe. Urani ikishatoka, sehemu ya asilimia 85 hivi ya mionzi ya jiwe la awali inabaki kwenye tope, kwa sababu redio na watoto wengine wa urani hawaendi na unga wa njano. Angalau nusu ya redio hiyo itakuwa bado ipo baada ya miaka 1,600.

Kuna jambo moja ambalo Namtumbo imelipata na Minjingu haikulipata. Kabla machimbo hayajaanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na Mkuju, wakavipima na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Udongo ulikuwa na becquereli 50 hivi za urani kwa kilo, juu kidogo ya wastani wa dunia, na sehemu ndogo sana ya kile kilichopo kwenye jiwe la Minjingu. Sasa Likuyu ina mahali pa kuanzia. Mwaka wowote ujao, mtu akichota maji ya kisima na kuyapima, ataweza kusema kama yamebadilika au la, na mwenye machimbo hataweza kudai kwamba ndivyo yalivyokuwa tangu zamani.

Vipimo hivyo virudiwe kila mwaka, vifanywe na Tume ya Nguvu za Atomiki na chuo kikuu kila mmoja kwa wakati wake, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, kisima kwa kisima. Na ubao kama huo uwekwe Minjingu pia, maana fosfeti bado inachimbwa na watu bado wanaishi pale.